JIKO NA AFYA: Tuunge kachumbari kwa ndimu na mafuta, chumvi ipungue

Mwezi huu tutazungumza habari za kachumbari. Najua utacheka. Utasema, "Nani asiyejua kukata nyanya na kitunguu?" Ni kweli. Kila nyumba inajua kukata kachumbari. Lakini si kila nyumba inajua kuiunga. Wengi wetu tunakata nyanya, tunakata kitunguu, kisha tunatia chumvi nyingi. Tumezoea hivyo. Chumvi ndiyo tunayoitegemea kuleta ladha.

Leo tutajifunza kiungo kingine. Kina vitu 2 vikubwa: maji ya ndimu na mafuta ya kula. Kutengeneza kiungo hiki ni kazi ya dakika 5. Hakihitaji moto wala kuni. Kachumbari inakuwa tamu, na chumvi inatiwa kidogo tu.

Kwa nini tunataka chumvi ipungue? Nitakueleza habari za shangazi yangu.

PAKITI YA CHUMVI

Shangazi yangu ana miaka 61. Ni mkulima. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo. Mwaka jana alimpeleka mjukuu wake zahanati, maana mtoto alikuwa na homa. Siku hiyo muuguzi alikuwa akiwapima watu wazima wote shinikizo la damu. Shangazi naye akapimwa. Hakuwa na maumivu yoyote. Alijiona mzima kabisa.

Kipimo kilikuwa 170 kwa 100. Muuguzi akampima tena siku nyingine. Kipimo kikawa kile kile. Ujue kwamba kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na kikawa hivyo siku mbalimbali, shinikizo la damu ni kubwa. Watu wengi wenye ugonjwa huu hawasikii dalili. Ndiyo maana inafaa kupima.

Muuguzi akamwambia, "Bibi, utameza dawa hizi kila siku. Usiziache hata ukijisikia mzima. Na chumvi upunguze."

Shangazi akajibu, "Mwanangu, chakula bila chumvi ni chakula cha mgonjwa."

Muuguzi akamwuliza, "Bibi, pakiti yako ya chumvi inaisha kwa siku ngapi?"

Shangazi hakujua. Nani kati yetu anajua?

Aliporudi nyumbani alifungua pakiti mpya ya nusu kilo. Akachukua kalamu, akaandika tarehe juu ya pakiti. Akaendelea kupika kama kawaida. Nyumbani kwake wako watu 4, wote watu wazima. Pakiti ikaisha siku ya 11.

Sasa tufanye hesabu. Pakiti ya nusu kilo ina gramu 500. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike gramu 5. Hiyo ni karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Watu 4 wakila gramu 5 kila mmoja, ni gramu 20 kwa siku. Gramu 500 ukigawanya kwa 20 unapata 25. Kwa hiyo pakiti ile ilitakiwa itoshe siku 25 au zaidi. Kwa shangazi iliisha kwa siku 11. Walikuwa wanakula zaidi ya mara mbili ya kiasi kinachofaa.

Chumvi ikizidi, mwili hubakiza maji mengi. Damu husukuma mishipa kwa nguvu. Moyo hufanya kazi kubwa kuliko kawaida. Miaka ikipita, moyo huchoka na figo huharibika. Mshipa wa damu kichwani unaweza kupasuka au kuziba, na mtu akapooza. Mtu aliyepooza halimi. Na anayemwuguza naye halimi.

Basi tatizo la shangazi lilikuwa moja. Alitaka kupunguza chumvi, lakini alitaka chakula kiwe na ladha. Hapo ndipo tulipojaribu ndimu na mafuta.

KWA NINI NDIMU NA MAFUTA?

Ziko sababu 3.

Sababu ya kwanza ni ladha. Uchachu huamsha ulimi. Chakula chenye ndimu huonekana kimekolea hata kama chumvi ni kidogo. Mafuta nayo husambaza ladha ya kitunguu saumu na pilipili katika kachumbari yote.

Sababu ya pili ni damu. Maharage, kunde, choroko na mboga za majani zina madini ya chuma. Mwili hutumia madini hayo kutengeneza damu. Lakini madini ya chuma yaliyo katika mimea hayaingii mwilini kwa urahisi. Sehemu kubwa hupita tu. Maji ya ndimu mbichi yana vitamini C. Ukila vitamini C katika mlo ule ule wenye maharage, mwili huchukua madini ya chuma zaidi. Hili ni jambo kubwa kwa mama mjamzito na kwa msichana aliyeanza kupata siku zake. Hata hivyo, mama mjamzito asiache vidonge anavyopewa kliniki. Kachumbari ni msaada wa chakula. Si dawa.

Hapa nina ombi dogo. Usinywe chai pamoja na mlo wa maharage. Chai huzuia madini ya chuma. Ngoja kama saa moja baada ya kula, ndipo unywe chai yako.

Sababu ya tatu ni macho na ngozi. Karoti na mboga za kijani zina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Kitu hicho hakiyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Ukila karoti mbichi bila mafuta yoyote katika mlo, mwili hupata faida kidogo. Ukitia mafuta kidogo, faida huongezeka.

VITU VINAVYOTAKIWA

Kachumbari hii inatosha watu 6.

Mboga:
- nyanya 4 zilizoiva
- kitunguu 1 kikubwa
- karoti 2
- tango 1

Kiungo:
- maji ya ndimu, vijiko 2 vya chakula. Ndimu 1 yenye maji mengi inaweza kutosha. Kama ni kavu, tumia 2.
- mafuta ya kula, vijiko 2 vya chakula
- chumvi yenye madini joto, robo ya kijiko cha chai
- kitunguu saumu, punje 1
- pilipili manga kidogo, au kipande cha pilipili
- majani ya giligilani kama yapo

Usisahau kwamba chumvi iwe ile yenye madini joto. Madini joto huzuia ugonjwa wa rovu, na humsaidia mtoto aliye tumboni akue vizuri akili na mwili. Tunapunguza chumvi. Hatuachi madini joto.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji safi. Osha kisu, bakuli na ubao wa kukatia.

2. Osha mboga moja moja kwa maji mengi mpaka udongo utoke wote. Kisha zisuuze kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya kutakasa maji. Menya karoti na tango.

3. Kata kitunguu vipande vyembamba. Kiloweke katika maji safi kwa dakika 10, kisha mwaga maji hayo. Ukali utapungua. Wengi wetu hukisugua kitunguu kwa chumvi ili kutoa ukali. Si lazima. Maji yanatosha.

4. Kata nyanya na tango. Paruza karoti, au ikate vipande vyembamba sana. Weka vyote katika bakuli pamoja na kitunguu.

5. Kamua ndimu. Toa mbegu.

6. Ponda kitunguu saumu mpaka kilainike.

7. Chukua chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko. Tia maji ya ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili. Funga na utikise mpaka chumvi iyeyuke. Usitie mafuta kabla ya chumvi kuyeyuka. Chumvi huyeyuka katika maji ya ndimu, wala haiyeyuki katika mafuta.

8. Sasa tia mafuta. Funga chupa vizuri. Tikisa kwa nguvu, hesabu mpaka 30. Utaona kiungo kinabadilika. Kinakuwa kizito kidogo na rangi yake inafifia kama ukungu.

9. Mwagia kiungo juu ya kachumbari wakati mko tayari kula. Nyunyizia giligilani. Changanya polepole ili kila kipande kipate. Ukimwagia mapema mno, nyanya hutoa maji na kachumbari hulowana.

Ukiiacha chupa ikae, mafuta yatapanda juu na maji ya ndimu yatabaki chini. Usidhani kiungo kimeharibika. Mafuta na maji havikai pamoja. Tikisa tena.

Huko Ufaransa watu hutengeneza kiungo kama hiki kwa mafuta na siki. Desturi yao ni kutia mafuta sehemu 3 na siki sehemu 1. Sisi tumetia sawa kwa sawa. Nitakueleza kwa nini. Mafuta ni ghali. Tena gramu 1 ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu 1 ya sukari. Mafuta kidogo ni mazuri. Mafuta mengi hunenepesha.

KAMA HUNA NDIMU

Ndimu zina msimu wake. Zikikosekana, tumia hivi:

Limau. Maji yake hutumika sawa na ya ndimu.

Ubuyu. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi. Koroga kijiko 1 cha chakula cha unga wa ubuyu katika vijiko 3 vya maji safi yenye uvuguvugu. Chuja. Tumia maji hayo. Ndugu zetu wa sehemu kavu, mbuyu ni mti wenu. Utumieni.

Ukwaju. Loweka katika maji ya moto, kamua, chuja. Uchachu wake ni mzuri. Lakini vitamini C yake ni kidogo.

Siki ya dukani. Ni kali, basi changanya kijiko 1 cha siki na kijiko 1 cha maji. Siki huleta ladha na husaidia kupunguza chumvi. Lakini haina vitamini C ya kukusaidia. Ukitumia siki au ukwaju, kula pia chungwa, pera au papai.

KAMA HUNA MAFUTA YA DUKANI

Tumia mafuta ya kwenu. Singida na Dodoma wanalima alizeti. Lindi na Mtwara wanalima ufuta. Mafuta ya alizeti na ya ufuta ni mazuri sana kwa kiungo hiki, maana hayagandi. Kigoma wana mawese. Mawese mekundu yana ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Yakiganda, yapashe moto kidogo kwanza.

Kama huna mafuta kabisa, kaanga karanga bila mafuta, zisage au zitwange mpaka zitoe mafuta yake. Chukua vijiko 2 vya karanga hizo, changanya na maji ya ndimu, ongeza maji safi kidogo. Chagua karanga nzuri. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupe, maana inaweza kuwa na sumukuvu. Usiwape kuku wala mbuzi.

Usitumie mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki au maandazi mara nyingi.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Ndugu msomaji, soma sehemu hii mara 2.

Kwanza, ndimu si dawa ya kuua vijidudu vyote. Watu wengine husema, "Nimetia ndimu, basi mboga ni safi." Si kweli. Mboga iliyomwagiliwa maji machafu inaweza kuwa na mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara. Ni lazima ioshwe kama nilivyoeleza.

Pili, kukiwa na kipindupindu kijijini au kijiji cha jirani, acha kula kachumbari. Pika mboga zote, uzile zingali moto. Ngoja mpaka bwana afya atangaze kuwa ugonjwa umekwisha.

Tatu, angalia chupa yako ilikuwa na nini. Kamwe usitumie chupa iliyowekwa dawa ya wadudu, dawa ya mifugo au mafuta ya taa. Hata ukiosha mara 10, usiitumie kwa chakula.

Nne, tengeneza kiungo cha kutosha mlo mmoja tu. Usiweke kitunguu saumu ndani ya mafuta ukakiacha siku nyingi. Vijidudu vya hatari vinaweza kukua humo na kutoa sumu, wala hutasikia harufu mbaya.

Tano, usiache kiungo katika sufuria ya alumini. Uchachu hula sufuria. Tumia kioo, bakuli la udongo au la plastiki.

Sita, ukimaliza kukamua ndimu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kwenda juani. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi, na jua likipiga, ngozi inaweza kuungua, ikatoka malengelenge na madoa meusi.

SHANGAZI ANAENDELEAJE?

Mara ya kwanza tulipotengeneza kiungo hiki, shangazi alionja akanyamaza. Akaonja tena. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona chumvi ipo?" Nilimwonyesha kijiko. Ilikuwa robo tu, kwa bakuli zima.

Mumewe alinung'unika. Alikuwa amezoea kuongeza chumvi mezani kabla hata ya kuonja. Shangazi aliondoa kikopo cha chumvi mezani, akaweka kisahani cha ndimu zilizokatwa. Wiki ya kwanza baba huyo alikasirika. Wiki ya pili aliuliza kama ndimu zimekwisha. Ulimi hujifunza, ila unataka muda. Kwa hiyo usiondoe chumvi yote siku moja. Punguza kidogo kidogo.

Shangazi hakuishia kwenye kachumbari. Alipunguza chumvi ya maharage na ya mboga. Dagaa waliokaushwa kwa chumvi sasa huwaloweka na kumwaga maji kabla ya kupika. Vile vidonge vya dukani vya kutia ladha ya mchuzi ameviacha, maana navyo vina chumvi nyingi.

Kila akifungua pakiti anaandika tarehe. Ya kwanza iliisha siku ya 11. Ya pili iliisha siku ya 16. Nilipokwenda mwezi uliopita, pakiti yake ilikuwa imeisha siku ya 21. Bado haijafika 25. Yeye mwenyewe alinionyesha maandishi yake ukutani, akasema, "Bado siku 4."

Dawa zake anameza kila siku, na kila mwezi anapimwa. Shinikizo limeshuka. Muuguzi anasema dawa na chumvi kidogo vimefanya kazi pamoja, asiache hata kimoja.

KAZI YA MWEZI HUU

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatenda. Nasi tufanye vivyo hivyo. Someni ukurasa huu katika kikundi chenu. Kisha kila mmoja afanye kazi hii:

Ukifungua pakiti ya chumvi, andika tarehe juu yake. Ikiisha, andika tarehe tena. Hesabu siku. Hesabu watu wazima wanaokula katika nyumba yako. Watoto wadogo wanatakiwa kula chumvi kidogo zaidi kuliko watu wazima. Kisha piga hesabu kama tulivyofanya.

MASWALI YA KUJADILI

1. Pakiti ya nusu kilo inatakiwa itoshe siku ngapi kwa watu wazima 5?
2. Kwa nini chumvi hutiwa katika maji ya ndimu kabla ya mafuta?
3. Kwa nini ndimu huliwa pamoja na maharage?
4. Kuna vyakula gani kijijini kwetu vyenye chumvi nyingi tusiyoiona?
5. Ndimu zikikosekana, kijiji chetu kina nini badala yake?

Jibu la swali la kwanza ni siku 20. Ulipata?

Kwa leo tuishie hapa. Karibu mezani.